Kadzo wa Tiki Moja

“Kadzo ni nani?”

Mwaringa alisimama mlangoni, viatu mkononi, matope ya mikokoni mpaka magotini. Alikuwa amerudi mbio kufuata simu aliyoisahau. Kitandani palikuwa na begi limefungwa, na kando yake Nyevu, mkewe, ameshika simu ile ile.

“Nyevu, nipe simu yangu.”

“Sikupi. Sauti arubaini na moja umemtumia! Mimi hapa miezi sita sijapata hata ‘umeshindaje’ ya maana.”

Jamani, huyu Mwaringa ndiye anayetembeza wageni kule Dabaso, kwenye lile daraja la mbao. Huwachekesha watu mpaka washike kamba wasitumbukie. Lakini mizaha hiyo huiacha kule kule darajani.

“Na nishamwandikia mama,” Nyevu akasema, akasoma kwenye simu yake mwenyewe: “‘Mama, naja Vitengeni leo. Nimechoka kuishi na jiwe.’ Amejibu: ‘Njoo mwanangu, chumba nishakifagia.’”

“Tafadhali usizisikilize.”

“Zote zina tiki moja. Huyo mwanamke amekublock, au?”

“Si mwanamke.”

“Kumbe mwanamume ndiye anaitwa Kadzo?”

Akabonyeza.

Sauti ya Mwaringa ikatoka, nyuma yake ndege wanalia: “Kadzo, leo nakupa ngano ya kanga. Kanga dume na kanga jike walitaga yai...”

“Walitaga wote wawili?” Nyevu alijikuta ameuliza.

“Sikiza tu.”

“...yai likavunjika kabla ya kuanguliwa. Jike akalia. Dume akasema, nami nikilia, nani atamshika mwenzangu? Akaenda kuchekesha watu. Kila jioni akirudi, kicheko kimeisha, na maneno pia. Jike akadhani amesahau. Mwanangu, hakusahau. Kila siku...”

Ikakatika.

Nyevu akakaa juu ya begi. Miezi sita nyuma walizika binti yao. Wazee walisema mtoto aliyezaliwa bila kulia hapewi jina. Na siku ile Mwaringa naye hakulia. Alikuwa akitaniana na wachimba kaburi. Hilo Nyevu hakumsamehe.

“Ulimpa jina,” akanong'ona.

“Nilimshika dakika moja tu. Alikuwa mzuri, Nyevu. Nikamwita Kadzo moyoni, nikaogopa wazee. Hiyo namba ni laini yangu ya zamani, haimo kwenye simu yoyote.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nikianza kusema mimi, maneno hayatoki. Nikisema kanga, yanatoka.”

Nyevu akaitikisa ile simu.

“Na mchana kweupe! Hukukatazwa ngano za mchana? Utaota pembe.”

“Nishaota. Ni vile hujaniangalia siku nyingi.”

Nyevu akacheka. Kicheko kikageuka kilio, na safari hii walilia wawili, matope yakahamia kwenye leso ya watu iliyokuwa safi.

“Ngano mbona umeikata?”

“Sijui mwisho wake. Nimejaribu, nimeshindwa.”

Nyevu akajifuta macho, akashika kitufe cha kurekodi.

“Kadzo, ni mama yako. Yule kanga jike naye alikosea. Alikuwa akitafuta machozi kwenye uso wa mwenzake, hakumuuliza hata siku moja. Sasa amemuuliza.”

Akaachia. Tiki moja.

Hapo hapo simu ya Nyevu mwenyewe ikaita. Ni mama.

“Nyevu, umefika wapi?”

“Shikamoo Mama. Niko nyumbani.”

“Marahaba. Nyumbani gani tena, na mimi nimefagia?”

“Kwangu, Mama. Tutakuja sote Jumamosi. Kuna mjukuu wako, tunataka tukwambie jina lake.”

Mwaringa akasogeza sikio kwenye simu, akingoja kuambiwa wazee walikataza.

“Niambie sasa hivi, mwanangu,” mama akasema. “Jumamosi ni mbali.”