Kamba Hawakufika Kwenye Sahani Zetu

“Tumekuja kula au tumekuja kusubiri watu wasiotuhusu?”

Baba aliuliza hivyo kwa mara ya tatu, na safari hii hakuniuliza mimi. Alimuuliza mhudumu.

“Mzee, bamba haliwashwi mpaka viti vinane vijae. Ndiyo utaratibu wetu.”

“Na visipojaa?”

“Vitajaa tu, mzee.”

Akaondoka zake, akatuachia jagi la maji lisilo na glasi. Glasi nilikuwa nimeziomba mara mbili.

Mkahawa huo wa hibachi ulikuwa na wiki mbili tu tangu ufunguliwe. Mnakaa kuzunguka bamba kubwa la chuma, mpishi anakuja na miko yake miwili, anapika mbele ya macho yenu, anarusha mayai juu, watu wanapiga makofi. Mpishi wa bamba letu alikuwa mchumba wangu. Mwaka mzima Baba alikuwa hataki hata kusikia habari za ndoa yetu. “Mwanaume anayejificha jikoni nitamjuaje?” ndiyo ilikuwa kauli yake. Nami nikambana hapo hapo: basi twende ukamwone akipika, kule hakuna pa kujificha. Akakubali Jumamosi moja mchana, kwa sharti moja, Shangazi naye awepo. Jibu la Baba lilitegemea mlo ule, na mchumba wangu alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Dakika arobaini zilipita ndipo viti vikajaa. Walikuja vijana watatu wenye sare za ofisi moja, kisha mtu na mkewe. Mke alikuwa mjamzito, miezi saba kwenda minane. Hapo sikosei, mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Aliketi kiti cha tatu kutoka kwangu, akapumua kama aliyetua mzigo.

Supu ikaletwa. Shangazi akaionja, akaweka kijiko chini taratibu.

“Hii ni supu, au wameosha uyoga wakatuletea maji?”

“Shangazi, tafadhali.”

“Nauliza tu, mwanangu. Anayeuliza ana kosa?”

Ndipo mchumba wangu akatokea, kofia ndefu kichwani, jasho usoni kabla hata moto haujawashwa. Aliwasalimia watu wote kwa mkupuo, mimi hakunitazama. Nikajisemea ni woga wa mkwe. Akawasha bamba, akamwaga mafuta, akaanza kugonga miko. Wali aliotupakulia ulikuwa wa moto juu na wa baridi chini. Baba alipomkata kuku wake, akakuta ndani bado ni mwekundu.

“Mpeleke wodini kwako,” Shangazi akaninong'oneza. “Huyu bado anaweza kupona.”

Baba hakucheka. Alisogeza sahani mbele, akafunga mikono kifuani, na mimi nikajua tumeanza vibaya.

Wakaja kamba. Aliwamwaga bambani, akawafunika kwa kitunguu saumu na mchuzi mweusi mpaka macho yakatuwasha. Akawapakulia vijana wa ofisini, akampakulia yule mjamzito na mumewe. Alipofika kwetu akageuza mkono, akatuongezea kuku.

“Kijana,” Baba akasema, “kwenye orodha ya vyakula nimesoma kamba.”

“Wamekwisha, mzee.”

Kamba walikuwa wamejaa palepale mbele yake. Kila mtu aliwaona.

“Wamekwisha,” Baba akarudia polepole. “Sawa.”

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu anapewa nafasi moja tu ya kumpokea mkwe wake, anamnyima chakula mbele za watu. Kama hilo halikutosha, akaanza mchezo wao wa kurushia wateja kamba mdomoni. Akamrushia yule mjamzito, akadaka, mumewe akashangilia. Akamrushia kijana mmoja, akadaka. Zamu yangu ilipofika, kamba akapita juu ya bega langu, akaanguka sakafuni. Wa pili vilevile. Mtu huyu kwa miezi mitatu alikuwa akifanyia mazoezi mdomoni mwangu kwa vipande vya mkate, nikiwa upande mmoja wa chumba na yeye upande wa pili, wala hakukosea hata siku moja.

“Dada hana bahati,” akasema kijana mmoja, wote wakacheka.

Nikaingiza mkono mkobani, nikatoa simu ambayo niliizima sauti kwa heshima ya Baba. Nilitaka kumwandikia kitu kimoja tu, akisome akimaliza: umenidhalilisha, usinitafute tena. Sikuwahi kuandika. Nilikuta ujumbe wake, umetumwa kabla hatujaketi.

“Msile kamba. Wewe, Baba na Shangazi. Friza imekufa tangu juzi, wameharibika. Meneja amesema tupike hivyo hivyo. Usiseme kitu mpenzi, nitakueleza jioni. Nakupenda.”

Nikausoma mara mbili. Mara ya kwanza, sitadanganya, moyo wangu ulitulia. Kumbe hakutudharau. Kumbe alikuwa anatulinda. Mara ya pili nikainua macho, nikamwona yule mjamzito akiingiza kamba mwingine mdomoni.

“Mama, usimeze,” nikasema. “Teme.”

Akanitazama, shavu limejaa.

“Teme, nakuomba. Mimi ni muuguzi. Hao kamba wameharibika.”

Akatema kwenye kitambaa. Mumewe akasimama. Vijana wakaacha kutafuna. Miko ya mchumba wangu ikatulia juu ya bamba.

“Umekula wangapi?” nikamuuliza yule mama.

“Watano. Sita labda.”

Nikamgeukia mwanaume niliyetaka kuzaa naye.

“Sita,” nikamwambia. “Umesikia? Umempa sita, huku unanirushia wangu sakafuni.”

“Dada, tafadhali kaa,” akajibu kwa sauti ya kazini. “Kama chakula hakikukupendeza, utamwona meneja.”

“Unaniita dada?”

“Kaa kwanza.”

Meneja hakuhitaji kuitwa. Alifika mbio, mtu mfupi mwenye tabasamu la kukodi.

“Kuna shida gani hapa?”

“Kamba wenu wameharibika na mmewalisha watu,” nikasema.

“Dada yangu, kamba wetu wanaletwa kila asubuhi. Unatuharibia jina, na ndiyo kwanza tumefungua. Nani kakwambia?”

“Mpishi wako.”

Meneja akamgeukia. “Unamfahamu huyu?”

Hapo ndipo ndoa yangu ilipokuwa, jamani, kwenye swali hilo dogo. Baba alikuwa amemkazia macho. Shangazi alikuwa amemkazia macho. Mimi nilikuwa namwomba kimoyomoyo: sema ukweli, mpenzi, kazi utapata nyingine. Akamtazama meneja, akalitazama bamba.

“Simfahamu,” akasema. “Ni mteja tu.”

Sikupiga kelele. Nilibonyeza namba yake, nikaweka simu juu ya meza mbele ya macho ya kila mtu. Sekunde mbili, tatu, kisha simu ikaanza kulia ndani ya aproni yake. Ikalia, ikalia. Hakuitoa. Ikakata yenyewe.

“Baba,” nikasema, “soma huo ujumbe wake.”

Baba akavaa miwani. Aliusoma kwa sauti, taratibu kama kawaida yake, neno baada ya neno, mpaka “nakupenda”. Hilo nalo hakuliruka. Yule mume wa mjamzito akamshika meneja ukosi. Vijana wakakimbilia msalani. Mhudumu wa glasi alipotea kabisa, hakukuwa na wa kumuuliza kitu. Mimi nilimshika yule mama mkono nikamtoa nje, nikampa namba yangu, nikamwambia tumbo likianza kusokota asingoje, aje moja kwa moja wodini.

Alikuja siku ileile, jua halijazama. Alitapika mpaka akaishiwa nguvu, tukamtundikia maji. Nilikaa naye, nikawa nasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila baada ya nusu saa. Simu yangu haikukoma kutetemeka mfukoni.

“Nilipaniki. Nisamehe.”

“Ningefukuzwa kazi, na kazi ile ndiyo ilikuwa ya kumwonyesha Baba.”

“Jibu basi mpenzi. Niliwaza wewe tu.”

Hilo la mwisho nililisoma nikiwa nimeshika mkono wa yule mama. Nikairudisha simu mfukoni.

Siku ya tatu mtoto alikuwa salama tumboni na mama akaruhusiwa. Nikarudi nyumbani asubuhi nimechoka hoi, nikamkuta mchumba wangu sebuleni, amevaa shati la pasi, amekaa ukingoni mwa kochi. Kilichoniudhi si yeye. Kilichoniudhi ni Baba, aliyekuwa amekaa naye karibu, anammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

“Kaa, mwanangu,” Baba akasema. “Tumeongea kiume. Mimi nimekubali.”

“Umekubali nini?”

“Muoane.”

Mwaka mzima nililiomba neno hilo. Nililiota. Sasa nimepewa, nikajikuta natafuta pa kuliweka.

“Baba, alisema hanijui.”

“Aliogopa. Nani haogopi bosi wake? Lakini sikia, mimi kwa binti yangu nilikuwa natafuta kitu kimoja, mtu atakayemweka mbele ya watu wote. Watu wanane pale mezani, yeye akawawaza ninyi. Akaniwaza mpaka mimi niliyekuwa namkataa. Nikasema basi, huyu ni mkwe.”

Shangazi alikuwa mlangoni na sinia la maandazi. Hakulileta mezani, na kwa Shangazi hilo ni jambo kubwa.

“Nimeacha kazi,” mchumba wangu akasema. “Jana nimerudisha aproni. Kwa ajili yako.”

“Kwa ajili yangu.”

“Sina mwingine.”

“Yule mama alilazwa siku mbili. Ulikuja kumwona?”

Akainamisha kichwa. “Nilikuwa nakutafuta wewe.”

“Nilikuwa wodini, kando ya kitanda chake. Ungemkuta yeye, ungenikuta na mimi. Ulimuuliza mtu yeyote kama yuko hai?”

“Simfahamu, mpenzi. Ningemwambia nini?”

“Hata mimi hukunifahamu, na ulikuwa na ya kuniambia.”

“Binti yangu,” Baba akaingilia, “usimkomoe mtu aliyejishusha mpaka akaja.”

“Sikomoi, Baba. Nauliza.” Nikamgeukia tena yeye. “Ulipokuwa unampakulia, uliliona tumbo lake?”

“Niliona.”

“Ukawaza nini?”

Mpaka leo namshukuru kwamba angalau hapo hakudanganya.

“Niliwaza nimalize zamu salama. Niliwaza wewe hujala, basi.”

“Basi.”

“Nilikupenda, kosa langu liko wapi? Wangapi wangekumbuka kukuandikia?”

“Hakuna kosa kunipenda. Kosa ni kwamba ulitosheka na kunipenda mimi tu. Leo unanipenda, unanirushia kamba sakafuni nisife. Siku ukinichoka, au meneja mwingine akikukazia macho, mimi nitakuwa nani? Nitakuwa yule mama wa kiti cha tatu. Utaliona tumbo langu, utanipakulia sita.”

“Usiseme hivyo.”

“Nimeshasema.”

“Nipe muda nirekebishe.”

“Kamrekebishie yule mama na mumewe. Usinifanyie mimi, wala usije kunisimulia. Kwangu tumemaliza.”

Alimtazama Baba kama mtu anayetafuta mkono wa kumvuta. Baba akatazama kikombe chake. Shangazi akasogea kidogo mlangoni, akaacha njia wazi, na mchumba wangu akasimama, akapita. Tulisikia hatua zake ngazini mpaka zikaisha.

Nilitegemea Baba anifokee. Mzee wa watu ametoa ridhaa yake baada ya mwaka mzima, mimi nimeirudisha mbele ya mgeni.

“Unampenda bado?” akauliza.

“Nampenda.”

“Sasa hasira zote hizi za nini?”

“Baba, ningekuwa simpendi, ningekuwa nimelala saa hizi.”

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, hakuivaa tena. Nikamwegemea begani nikalia, kwa sauti, kama ambavyo sikuwahi kulia tangu utotoni, na hata katikati ya kilio nilikuwa bado nina hasira na Baba huyohuyo.