Karibu, Nafasi Ipo

"Fundi, picha umeipatia," alisema mwenye nyumba ya wageni kwenye simu. "Ila huyo mama aliyekaa ni nani?"

"Mama gani, bosi?"

"Huyo kwenye kiti. Ametupa mgongo."

Fundi alicheka kidogo, maana mteja ni mteja hata akiota mchana. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti, akiifanya peke yake sebuleni, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mama yake. Tangu mazishi alikuwa akiosha sahani moja na kikombe kimoja. Waliokuja msibani waliahidi kurudi, na ahadi za msibani kila mtu anazijua.

Mteja huyu alikuwa mzito kuleta picha. Basi Fundi akafanya wanavyofanya mafundi wa tovuti mteja akichelewa: akatafuta picha ya kushikilia nafasi. Alipiga picha sebule yake mwenyewe, mlango wazi, kiti cha mama kitupu pembeni, akaitandaza kichwani mwa ukurasa. Juu yake akaandika kwa herufi kubwa: KARIBU. NAFASI IPO. Kisha akachapisha ili mteja aone, na dunia nzima nayo ikaona.

Sasa aliufungua ukurasa. Kwenye kiti palikuwa na mtu. Kitambaa kichwani, bega la kushoto limeinama, vile vile alivyokuwa akikaa mama siku za mwisho.

Akaitoa picha ile, akaweka ya vitanda aliyoitoa mtandaoni, akahifadhi. Sebule ikarudi. "Kompyuta imekariri ya zamani," alijiambia, akafuta kumbukumbu zake zote, akafungua upya. Sebule. Akachukua simu. Kwenye simu picha pana hukatwa pembeni, kwa hiyo kiti kilipaswa kupotea kabisa. Lakini kiti kilikuwa katikati, na yule mama alikuwa ameanza kugeuza shingo.

Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama, mtaa umenyamaza, na Fundi akasikia nyuma yake kiti kikilia mlio ule ule ambao kwa miaka mingi ulimwambia kuwa mama amekaa, akasikia harufu ya dawa ya kuchua magoti ambayo chupa yake aliitupa kwa mkono wake baada ya mazishi, na chini ya harufu hiyo nyingine, ya udongo uliofukuliwa sasa hivi, akataka kugeuka, akaogopa kugeuka, na kilichomtisha kuliko vyote ni kwamba moyoni, chini ya hofu yote ile, alikuwa amefurahi.

Alitoka mbio bila viatu hadi kwa mganga, akarudi naye.

Mganga alikuwa mteja wake wa zamani. Tovuti yake aliitengeneza yeye, na mpaka leo mzee huyo alikuwa akimsumbua kuhusu rangi. Siku hiyo hakutaja rangi. Alisimama kizingitini, akagoma kuingia.

"Jini havunji mlango, binti," alinong'ona. "Huyu ameitwa. Uliandika nini?"

Fundi akamwonyesha.

"Mlango wazi, kiti kitupu, na karibu juu yake! Ulidhani atakuja nani?"

"Anafanana na mama."

"Mama yako amelala, mwache apumzike. Huyo amevaa upweke wako. Ukimkalisha, atakumaliza kidogo kidogo mpaka nyumba iwe yake."

Akasoma dua zake, akanyunyiza maji, kisha akamwamuru Fundi afute maneno, afute picha, na amuage mgeni kwa kinywa chake mwenyewe.

"Safari njema," alisema Fundi alipomaliza kufuta.

Upepo ukapita mlangoni kuelekea nje. Kwenye ukurasa, vitanda vikatokea.

"Usimwite tena," alisema mganga akigeuka kuondoka. "Mgeni aliyefukuzwa akiitwa mara ya pili, si mgeni tena. Ni mwenyeji. Hapo mimi sitaweza."

Mteja alifurahi, hakupiga simu tena. Shangazi alipigiwa, akasema, "Nitakupigia, mwanangu," asipige. Fundi akaosha sahani yake. Alasiri moja alikohoa, akashtushwa na sauti yake mwenyewe, maana hakukumbuka mara ya mwisho kusema neno. Upweke ulimuuma wazi wazi, kama njaa.

Mahali pa kubadilishia picha ya ukurasa, picha zilizowahi kutumika hubaki zimepangwa chini, ndogo ndogo. Aliifuta pale juu tu. Hapa chini alisahau, au ndivyo alivyojiambia. Sebule ilikuwepo, mlango wazi, kiti kitupu. Akaichagua, safari hii kwa ukurasa wake mwenyewe. Akaandika maneno yale yale. Akachapisha.

Nyuma yake kiti kikalia.

"Karibu, mama," alisema bila kugeuka, machozi yakimtoka.

"Nishakaribia," ikajibu sauti ambayo haikuwa ya mama, wala haikujisumbua kumwiga.

Fundi akainuka, akaenda jikoni kuchukua sahani ya pili.