Uso Katika Gome

Mama Pindo alikuwa mshonaji. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa mapindo yake yalinyooka kama rula. Kila asubuhi alitoa cherehani uani, akashona kando ya mti mkubwa. Aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Chumba cha wifi kilikuwa chini ya matawi ya mti huo.

Siku moja uzi ulikatika. Mama Pindo akainua macho. Gome la mti lilikuwa linamtazama.

Kulikuwa na mafundo mawili, kama macho. Chini yake, ufa kama mdomo.

"Wifi, hebu njoo! Huu mdomo ulikuwepo?"

Wifi alikuja, akaganda.

"Ni marehemu mama," alinong'ona. "Aliupanda mti huu kwa mkono wake. Usiuguse."

Wiki ikapita. Mdomo ukapanuka. Maji meusi yakachuruzika hadi chini. Mchana mmoja hewa ilitulia, hata jani halikutikisika. Mti ukalia: krrr.

"Abee, mama," wifi akaitika.

Mama Pindo alitoka mbio kumwita jirani yao, fundi seremala.

Fundi hakucheka. Aliweka kiganja kwenye gome.

"Gome ni ngozi ya mti," alisema. "Haya macho ni makovu ya matawi yaliyokatwa zamani. Kingo zake ni nene, za mviringo. Vidonda hivi vimepona. Sasa gusa mdomo."

"Kingo zake ni kali," alisema Mama Pindo. "Na ndani ni peupe."

"Huo ni ufa mpya. Unakua. Tena shinani pameota uyoga. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba mti unaoza ndani."

Akagonga shina kwa nyundo. Upande mmoja ulilia ko, ko. Upande wa ufa ulilia bu, bu, kama ngoma.

"Hameni chumba hicho leo. Msikae hapa tena. Wala msiukate wenyewe. Waiteni wakata miti wenye kamba na vifaa."

"Siondoki," alisema wifi. "Mama hawezi kuniangukia."

Mama Pindo alimshika mkono. "Kama ni mama, wifi yangu, si amekuita utoke? Basi mtii. Toka."

Wifi akakunja godoro lake.

Wakata miti waliahidi kuja kesho kutwa. Mti haukuwasubiri. Kesho yake adhuhuri, bila upepo, ulianguka. Paa la chumba likalala sakafuni. Kitanda kikavunjika vipande vipande.

Shina lilikuwa tupu ndani. Mtu mzima angeweza kusimama humo. Wifi alichungulia kwa muda mrefu.

Siku hizi, kila mwanzo wa mwezi, wawili hao huuzunguka mti mwingine ulio karibu na lango. Hupapasa gome polepole, huku wakitafuta nyufa, uyoga na maji meusi. Mwezi uliopita wifi aligusa ufa kwenye tawi, wenye kingo kali. Alivaa viatu, akaenda mwenyewe kumwita fundi. Wakata miti walikata tawi hilo moja tu.

Mti bado umesimama.