Mtoto Asiye na Jina Katika Nyumba ya Mhispania

Mtoto alikuwa akilia tangu alipodungwa sindano ya chanjo kwenye zahanati ya Mutomo, akalia njia nzima, na alipovushwa kizingiti cha Nyumba ya Mhispania akanyamaza ghafla, kana kwamba amezibwa mdomo. Yvonne, wifi yake Kasiva, alicheka akasema hata kichanga kinajua kupenda vitu vizuri. Kasiva, mama ya mtoto, akamshukuru Mungu kwa utulivu ule. Laiti angejua, angegeuka palepale.

Nyumba hiyo ilijengwa zamani na tajiri mmoja Mhispania kwa mtindo wa kwao: kuta nene, matao, na ua wa mawe katikati wenye milango pande zote. Siku hizi ni makumbusho ya sanaa. Yvonne alikuwa amemleta wifi yake apunge upepo, maana nyumbani hakukukalika. Mama mkwe, Kalunde, alitaka binti wa kwanza aitwe yeye, kama desturi ya Wakamba inavyotaka. Kasiva alitaka jina la marehemu mamake. Kila mmoja akashika lake, wiki zikapita, mtoto akabaki hivyo hivyo. "Mtoto bila jina si wetu bado," mama mkwe alimwonya. Kasiva akayapuuza. Yeye ameokoka, mambo ya wazee aliwaachia wazee wenyewe. Asiyesikia la mkuu, mwisho wake tunaujua.

Ndani kulinuka maziwa yaliyochacha. Walipita picha za matunda na za wanaume wenye ndevu, hadi kwenye picha kubwa ya mwanamke wa Kizungu aliyeketi, mikono ameikunja kama anayempakata mtoto, na mikononi hamna kitu. Kasiva hakuipenda kabisa. Yvonne akatoka nje kupokea simu, naye Kasiva akaenda uani kunyonyesha.

Kwenye benchi alikuwa bibi kizee aliyejifunika leso hadi usoni. Alimsalimia kwa Kikamba safi, kisha akanyoosha mikono.

"Nipe huyo mtoto nimshike kidogo."

Nani kwao humnyima mzee mtoto? Kasiva akampa.

"Anaitwa nani?"

"Bado hajapewa jina, susu," Kasiva alijibu, akimwita nyanya kama alivyofunzwa kuwaita wazee wote.

"Basi mimi nimwite Inesi. Si ni sawa?"

Kasiva alicheka kwa adabu. "Sawa, susu."

Bibi akamrudisha mtoto, naye alikuwa mzito kuliko alivyokuwa. Kasiva aliinama kumfunika vizuri. Alipoinua kichwa, benchi lilikuwa tupu.

Alirudi mbio kwenye chumba cha picha. Katika ile kubwa kilikuwa kimebaki kiti peke yake. Akasukuma mlango wa kutokea, ukamtoa uani. Akashika mlango wa pili, akapita chumba cha picha za matunda ambamo sasa harufu ya maziwa ilikuwa inatoka kwenye kuta zenyewe, akafika kwenye mlango wenye mwanga wa jua chini yake, akaufungua, na tena ni uani, benchi lile lile, mawe yale yale, na nyuma ya kila mlango sauti ya mwanamke akiimba kubembeleza kwa lugha asiyoijua, polepole, kama mtu asiye na haraka kwa sababu mgeni wake haendi popote.

"Kasiva, uko wapi?" Yvonne aliita, karibu sana, ng'ambo ya ukuta. "Wanataka kufunga."

Kasiva alijibu kwa nguvu zake zote. Yvonne akaita tena vile vile, kama hakusikia chochote.

Akapiga magoti. Aliomba kila ombi alilolijua, na wimbo haukukatika. Ndipo maneno ya mama mkwe yakamjia, na kiburi chote kikamtoka.

"Ana jina," alisema. "Ni mtoto wa kwetu. Anaitwa Kalunde."

Wimbo ukakatika. Mlango mmoja ukafunguka wenyewe, na huko akaona lango, vumbi la barabara, na Yvonne ameshika kiuno. Kasiva alitoka akilia kwa furaha. Mlinzi akafunga nyuma yake, akatia kufuli, akaenda zake.

Alimwinamia mtoto aliyelala kifuani pake. Angemwomba mama mkwe msamaha leo hii.

"Kalunde," alimwita kwa upole.

Nyuma ya kufuli, ndani kabisa ya nyumba, mtoto akalia. Kasiva alikijua kilio kile. Maziwa yakamchuruzika yenyewe, yakalowesha blauzi.

"Mbona unatetemeka hivyo?" Yvonne aliuliza. "Nani amebaki huko ndani?"

Kasiva alimtazama yule aliyempakata, macho bado yamefumbwa, kisha akanong'ona, "Inesi?"

"Naam," mtoto akaitika.