Changarawe ya Wana Doha

Ijumaa ni siku ya mapumziko mjini Doha. Kwamboka, mfanyakazi wa hoteli katika kisiwa cha The Pearl, alikuwa anasonga ugali. Mumbua, mwenzake wa chumba, alikuwa anakata sukuma wiki. Sukuma yenyewe ilikuwa imenyauka, lakini ugenini mtu hachagui.

Simu ikalia. Alikuwa mama yake, kutoka Kisii.

"Kwamboka, kijito kimefurika tena. Changarawe ya barabara mliyotuchangia imesombwa yote."

"Na Chelsea?" Kwamboka aliuliza. Chelsea ni binti yake, wa darasa la pili. Shule iko ng'ambo ya kijito.

"Jana aliteleza akivuka. Bahati jirani alimdaka mkono. Sasa nimemfungia nyumbani."

Mtoto wako anaponea chupuchupu, nawe uko mbali, huwezi hata kumkumbatia! Kwamboka alipokata simu, akaanza kuwaandikia wanakijiji wenzake walioko Doha. Ndiyo desturi yao. Mvua ikiharibu barabara, wao huchanga pesa, changarawe ikamwagwa.

"Safari hii tuchange pesa ya lami," alimwambia Mumbua. "Lami nyeusi kama ya barabara za Lusail hapa!"

Mumbua akacheka. "Lami bila mtaro? Aki dada, maji yataibeba pia. Siku hizi mvua ni kali. Hata hapa jangwani, ikinyesha sana, barabara zinajaa maji. Nyinyi mnahitaji mitaro na kalavati kubwa, maji yapite chini ya barabara."

"Hiyo pesa tutaitoa wapi?"

"Si kuna kodi? Kaunti hupanga bajeti kila mwaka. Kabla haijapitishwa, lazima iwaite wananchi mkutanoni watoe maoni. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya wodi kwetu Makueni. Hebu muulize mama, nyinyi huenda kwenye mkutano huo?"

Kwamboka akapiga simu tena.

"Twende kufanya nini?" mama alishangaa. "Barabara ikitajwa, sisi husema wana Doha wataitengeneza."

Kwamboka akaelewa. Kumbe wema wao ndio ulioificha shida! Hakuna aliyewahi kuiombea barabara ile pesa ya kaunti.

Mumbua akaichukua simu. "Mama, nendeni wengi. Msiseme tu mnataka barabara. Semeni mnataka kalavati, mahali gani, na mtoto aliponea vipi. Ulizeni pia kuhusu fungu la pesa za mabadiliko ya tabianchi, maana mafuriko yamo humo. Pelekeni maoni kwa maandishi, kisha mfuatilie."

Wana Doha hawakununua changarawe tena. Walibaki na kazi ya kuwasumbua ndugu zao kwa simu: nendeni, nendeni! Mama akaenda na kina mama wenzake. Alisimama mbele ya watu akasimulia habari ya Chelsea. Bajeti ilipopitishwa, kalavati lao lilikuwamo. Wakati wa kiangazi, mafundi wakaja wakalijenga.

Mvua iliporudi, Kwamboka alipiga simu akiwa kazini. Aliisikia ikigonga mabati ya nyumbani.

"Mama, Chelsea yuko wapi? Umemfungia ndani?"

"Nimfungie kwa nini?" mama alijibu. "Yuko shule."

Kwamboka akaketi sakafuni, katikati ya mashuka ya wageni, akalia kwa furaha.

"Asante, mama," alisema. "Asante kwa kwenda."