Jina Moja kwenye Kinanda cha Bati

"Mwanao mwizi, na nitasema mpaka mtaa mzima usikie!"

"Mwizi nani? Hebu rudia, Mama Kimya. Rudia uone!"

"Narudia! Mwizi, mwizi, mwizi! Mara tatu, umetosheka?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na ua ulikuwa umejaa watu kama vile kuna harusi. Mama Kimya, fundi cherehani, alikuwa amesimama katikati, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni. Mbele yake alisimama Mama Redio, msusi, chanuo mkononi. Mteja wake, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, alikuwa ameshahamisha kigoda chake hadi mlangoni ili asipitwe na neno hata moja.

"Mwanangu kaiba nini?" Mama Redio aliuliza.

"Kinanda!"

"Kinanda kimeundiwa juu ya meza yangu! Nimeona kwa macho yangu mwanangu akiungua vidole. Wewe ulikuwa wapi? Kwenye cherehani yako!"

Ukweli ni kwamba kila mama alikuwa na nusu ya habari. Binti zao walikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa moja, nyumba za ukuta mmoja. Redio aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Kimya aliweza kukaa kutwa nzima bila kusema zaidi ya "mhu". Kwa miezi miwili walikuwa wakiunda kinanda kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya shule zote. Ndani yake mlikuwa na kibao cha elektroniki kisichozidi kiganja, ambacho ukikiandikia maagizo kwenye kompyuta, kinayatii. Redio alitoboa kopo la biskuti, akafunga vitufe vinane na spika, akalehemu nyaya zote. Kimya aliandika programu, yaani yale maagizo yanayokiambia kibao kila kitufe kitoe sauti gani.

Kisha Kimya akashikwa na homa, wiki nzima kitandani. Redio akakipeleka kinanda shuleni peke yake. Mwalimu wa sayansi alibonyeza kitufe kimoja, cha pili, cha tatu, akavua miwani kwa furaha.

"Umekiunda mwenyewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Hata programu?"

Darasa zima lilikuwa linamtazama. "Hata programu," Redio alisema.

Mwalimu akajaza fomu ya maonyesho, akabandika tangazo ubaoni. Jina lilikuwa moja tu. Jana Kimya aliporudi shuleni alilisoma tangazo lile mara mbili. Hakulia. Alirudi nyumbani, akalala akiwa ameuelekea ukuta, akakataa chakula mpaka mama yake alipomkamua maneno.

"Redio!" Mama yake aliita sasa. "Njoo hapa mbele za watu. Nani aliandika hiyo programu?"

Redio alitoka taratibu, kopo la biskuti kifuani. Aliwatazama majirani. Angesema ukweli, angeaibika. Asingesema, huenda jambo lingepita.

"Mimi."

"Mmesikia?" Mama Redio alipiga makofi. "Mwanangu hasemi uongo!"

Kimya alikuwa ameegemea mlango wao. Akasogea mbele. "Basi kitufe cha mwisho, kifanye kilie juu zaidi."

"Hilo tu?" Mama Redio alicheka. "Mwanangu, waonyeshe."

Redio alileta kompyuta kuukuu waliyoazimwa na shule, akaiunganisha na kinanda. Aliziona namba nane zimepangwa, kila kitufe na namba yake. Ya mwisho ilikuwa 956. Sauti ya juu itataka namba kubwa, alifikiri. Akafuta, akaandika 1900, akatuma, akabonyeza.

Kinanda kikaguna kama ng'ombe mgonjwa.

"Ngoja, nimekosea kidogo," alisema, akaandika 3000. Sasa kilinguruma kwa chini kabisa.

"Jamani, hicho kinataka kutapika!" alisema mteja wa nusu kichwa, na ua mzima ukaangua kicheko.

Kimya hakucheka. "Hiyo namba ni muda wa kungoja," alisema. "Kibao kinaisukuma spika, kinangoja, kinaiachia, kinangoja tena. Kikingoja kidogo, spika inatetemeka haraka, sauti inapanda. Wewe umekiongezea kungoja, ndiyo maana imeshuka." Akaandika 800, akabonyeza. Sauti ikapanda, nyembamba na safi.

Kicheko kilikatika. Mama Redio aliweka chanuo chini.

"Umenisimamisha hapa nikutetee kwa kitu cha uongo?" Hakupiga kelele, na hapo ndipo Redio alipoogopa kweli. "Nimegombana na jirani yangu, nimejipigia makofi, kumbe mwongo ninaye mwenyewe?"

"Lakini na mimi nimefanya kazi!" Redio alilipuka, machozi ya hasira yakimtoka. "Nyaya ishirini na tatu! Tazameni vidole vyangu! Yeye hakulehemu hata moja!"

"Sijasema hukufanya kitu," Kimya alimjibu. "Wewe ndiye uliyesema mimi sikufanya kitu."

Redio akavificha vidole vyake nyuma ya mgongo.

"Vaeni viatu," Mama Redio alisema. "Wote wawili. Twende kwa mwalimu sasa hivi."

Mwalimu wa sayansi alikaa mtaa wa pili. Walimkuta anafua. "Shikamoo, mwalimu," wasichana walisema. Redio alieleza huku akitazama beseni, na kila alipojaribu kuruka sehemu fulani, mama yake alikohoa. Mwalimu alikamua shati kwa nguvu kana kwamba ndilo lililokosa.

"Nimeudhika," alisema hatimaye. "Fomu inaondoka Jumatatu. Ungesimama mbele ya waamuzi wakuulize kibao kinafanyaje kazi, ungejibu nini? Sifa ya mwenzako uliweza kuichukua, Redio. Ujuzi wake ulibaki kichwani mwake. Anayejitwalia kazi ya mwenzake humdhulumu mwenziwe kwanza, kisha hujikuta ameshika kitu asichoweza hata kukirekebisha." Akaingia ndani, akatoka na fomu na kalamu. "Kimya, aliyekosewa ni wewe. Nilifute jina lake?"

Redio alifumba macho. Kimya aliisoma fomu mpaka chini.

"Hapana," alisema. "Nyaya alizilehemu kweli. Jina langu liongezwe. Lakini bado nimemkasirikia."

"Una haki," mwalimu alisema. Akampa Redio kalamu. "Liandike wewe, kwa mkono wako. Na Jumatatu utalieleza darasa kama ulivyonieleza mimi."

Redio aliandika, herufi baada ya herufi. "Nisamehe, Kimya," alisema.

"Mhu," alijibu Kimya.

Waliporudi, adhuhuri ilikuwa imefika na harufu ya kitunguu kinachokaangwa ilikuwa imetanda uani. Mama Kimya alikuwa mlangoni kwake, mikono kiunoni. Mama Redio alimwendea moja kwa moja.

"Jirani, nilikuropokea mbele za watu bila kuuliza kwanza. Nisamehe."

"Nimesikia. Na mimi nilimwita mtoto mwizi mara tatu, moja ingetosha." Mama Kimya alikunja uso. "Ila hasira bado ninazo, msinione nimenyamaza."

Redio alibaki nyuma, kopo lake kifuani, asijue aende kwao au asimame palepale. Mama Kimya alimkazia macho.

"Na wewe umesimama huko kama mgeni, unangoja barua ya mwaliko? Hasira ni zangu, njaa ni yako. Nawa mikono, ingia ule."