Kanyaga, Achilia

Mwaka 2006 rafiki yetu Wangila wa Bokoli alipeleka pikapu yake Kitale kukaguliwa kwa mara ya tatu. Kwanza alirudishwa kwa sababu ya honi, kisha taa. Asipopata stika safari hii, mnunuzi wa mahindi wa Moi's Bridge angempa mwingine kazi. Alikuwa amekuja peke yake.

Mkaguzi akashuka gizani, kwenye shimo chini ya gari. Wangila alikuwa bado nje, akitafuta karatasi kwa hasira.

"Kanyaga breki!"

Ndani ya gari, pedali ikalia krii.

"Achilia!"

Ikalia tena.

"Breki iko sawa, mzee. Lakini nakurudisha."

"Tena? Kwa nini, bana?"

"Sakafu imetoboka. Hata mguu wa huyo mama naona, na hana kiatu."